Kidonge cha Kila Jioni

Wifi, gari la jirani limepatikana kabla hujarudi na teksi uliyokwenda kutafuta, tumeshamkimbiza mtoto hospitali. Zima maharage. Wakija mashoga zangu wa saluni, wape viti, waambie leo sina umbea.

Nilipotoka bafuni nilikuta pumu imembana, nawe umempa kidonge cha kutafuna, unasubiri. Wifi, kile ni cha kila jioni hata akiwa mzima, kinazuia njia za hewa zisivimbe. Akishabanwa ni pampu. Kumbe ulikuwa unaviweka akiba kwa ajili ya siku mbaya, na siku mbaya ndiyo hii umetuletea. Pampu nimempulizia, bado anahema kwa shida.

~~Usije.~~ Njoo upesi. Anamwita shangazi yake, si mimi.

Wifi yako