Harufu ya ba Aube, na Neno Nililomwambia Odile

Naviundu, Lubumbashi
Siku ya sita ya juma, asubuyi, mvula ingali inanyesha

Yaya wangu Kristina,

Mungu aliyekuamusha leo akulinde mupaka utakapomaliza kusoma karatasi hii, na nyuma yake pia. Muko namna gani huko Kilwa? Muguu wako ule unaovimba unakuachia usingizi? Shemeki anaenda ku ziwa, ao angali anangojea mutumbwi utengenezwe? Hapa banasema ba camion ya mizigo inalala mu matope siku tatu mbele ya kufika kwenu. Siye tuko bazima ku mwili. Miye kifua kinanikamata kidogo, ni baridi ya mvula tu.

Ku mwili, nimesema. Sasa nikuambie ile ingine, juu nikiendelea kuuliza habari ya kuku na ya muhogo nitafika chini ya karatasi bila kusema kitu. Odile haiko mu nyumba yangu. Usiogope, iko muzima, anakula, anaenda ku masomo. Iko ku Kasapa, mu chumba cha rafiki yake wa campus, leo ni siku nane tangu atoke. Aliondoka juu ya neno langu. Na amesema hatarudia mupaka nikuandikie miye mwenyewe, na mukono wangu, kila kitu nilichomwambia. Uliniachia mutoto wako nimulee sawa mutoto wangu, Yaya. Kama kuko bantu pembeni yako, ngojea kwanza batoke, kisha usome. Ku telefone singeweza. Kwenu telefone moja inasemea mu masikio ya bantu tano.

Unajua ku parokia yetu ni miye ninafula nguo ya altare. Juma ile ilikuwa ya komunyo ya kwanza, na mama Astride, ule mama anayechunga vyombo na nguo ya kanisa, aliniletea ba aube makumi tatu na mbili, zile kanzu nyeupe za batoto. Zilibaki mu kabati tangu mwaka ule mwingine. Aliniambia, "Mama Vero, siku ya Mungu ninaitaka ing'ae. Mikono yako tunaijua." Yaya, neno ile ilikuwa tamu kwangu. Nilisikia sawa vile baliniweka taji.

Nilizilowesha siku ya kwanza ya juma, mangaribi, na sabuni mingi. Kesho yake maji ya robine ikakatika. Siku muzima, hata tone. Odile aliinama ku beseni, akanusa, akasema:

"Mama mudogo, maji hii inaanza kugeuka. Niende kuchota ku kisima ya jirani?"

"Nguo ya kanisa haifulwe na maji ya kila muntu," nilimujibu.

"Lakini Mungu ndiye alichimba ile maji."

"Na miye ndiye nitajibu mbele ya padiri. Acha."

Zikabaki mule mupaka siku ya tatu. Siku mbili mu maji moja, Yaya! Hata nguo ya kitoto hatuilazi vile. Lakini kichwa changu kilikuwa kimefungwa na ile taji.

Maji ilirudia, nilizisugua, nilizisuuza, na mvula ikaanza, ile ya huku isiyojua kuchoka. Kuanika inje haiwezekane. Hata mvula ikipumzika, nzi ile inazaa mayai mu nguo mbichi na vidudu vinaingia batoto mu ngozi. Tena unajua vile mama yetu alitulea: jua ikilala, nguo ya muntu haibaki ku kamba. Basi nilifunga kamba saba mu salon. Nilizipanga aube juu ya aube, sawa samaki mu kitunga. Nilifunga mulango, nilifunga madirisha, nilijaza vitambaa mu matundu, na katikati niliwasha mbabula, jiko ya makala. Nilijiambia, moto utakula maji.

Odile aliingia, macho yakamutoka machozi.

"Mama mudogo, mvuke itatokea wapi? Fungua huku na huku, upepo upite. Na hii makala mu nyumba ya kufungwa itatuua. Toa zingine pa kamba, zinabanana."

"We ni wa universite," nilimwambia, "miye ni wa sabuni. Kila muntu na masomo yake."

Alicheka, unajua vile anacheka akikataa kugombana. Alichukua aube moja tu ya mwisho. Aliikunja ndani ya serviette kavu ya kujipangusia, akaikamua tena mupaka mishipa ya mikono ikatoka, akaenda nayo mu chumba chake. Sikumufuata.

Siku ya ine, saa sita, niliamuka pa kiti na harufu ilikuwa mu pua. Si ya mavi, si ya kuoza. Ni ile ya mbwa aliyenyeshewa, ile ya kitambaa cha kupangusia sahani kikibaki chini ya sufuria. Nilinusa ya kwanza, ya pili, ya kumi. Zote. Nilichukua parfum yangu ya siku kubwa, nikanyunyiza. Yaya, ikawa mbwa aliyepakwa parfum.

Siku ya tano mama Astride alikuya kutazama. Hata salamu hakutoa bado. Alisimama ku mulango, akaweka kitambaa ku pua.

"Mama Vero. Batoto ba komunyo batavaa hii?"

"Mvula, mama..."

"Mvula inanyeshea bantu bote. Kesho mangaribi kama ingali hivi, nitatafuta mwingine. Na hapana kwa mara hii tu."

Ni hapa nilianguka, na kuandika hii kunaniumiza vidole. Usiku ule wa mbele nilikuwa nimesali, na badala ya kumusikiliza Mungu nilisikiliza woga wangu. Mama yetu alikuwa anatuambia, mukono unaofula nguo ya altare uwe musafi ndani na inje. Basi nilianza kuhesabu mikono. Wangu: nilikuwa nimeungama siku ya sita ya juma iliyopita. Wa Odile: miezi miwili sikumuona akipokea komunyo. Na siku ya pili asubuyi alikuwa ametapika. Alisema ni mayai ya kuchemsha alikula ku njia. Lakini mu kichwa changu vitu hivi viliungana. Nilisema, ndiyo hii. Hii si harufu ya maji. Ni alama.

Odile aliingia na sufuria ya bukari ya unga wa mahindi mu mikono. Mbele ya mama Astride, nilimwambia hivi, ninaandika yote sawa alivyoniagiza:

"Odile, uko na mimba? Sema kweli. Umeshika nguo ya Mungu na mwili muchafu, na nguo inakukataa."

Aliweka sufuria pa meza, pole pole. Alimutazama mama Astride, akanitazama.

"Mama mudogo," alisema, "nguo inanuka juu ililala mu maji. Ni nguo inanuka. Miye sinuke."

Alichukua mufuko wake wa vitabu na akatoka mu mvula bila mwavuli. Sikumwita. Mama Astride alisema, "Eee, batoto ba leo," na miye, Yaya, nilitikisa kichwa kumuitika.

Kesho yake asubuyi niliingia mu chumba chake. Sitakudanganya: niliingia kutafuta. Niliinua matela ya kitanda, nilifungua sanduku. Nilitafuta barua ya mwanaume, dawa, kitu chochote cha kunipatia haki. Nilikuta vitabu, rozari ya Bikira, na kikaratasi cha zamu ya kusoma mu misa ya kapela ya campus, jina lake liliandikwa mara ine. Kumbe alikuwa anasali kule, asubuyi, mbele ya masomo, na hakunieleza juu sikumuuliza. Na ku dirisha lililofunguliwa upana wa mukono, ile aube moja ilikuwa ku sintri ya kutundikia nguo, peke yake, haigusi ukuta.

Niliiweka ku uso. Sabuni. Sabuni tu, na upepo. Maji yake ilikuwa ile ile. Sabuni ile ile. Na mukono ulioikamua na kuianika ndio ule niliouita muchafu. Nilikaa pa kitanda chake.

Sikuwa na siku ya kulia. Nilifanya makumi tatu na moja sawa yeye alivyofanya ile moja. Nilizifula upya na maji ya moto na vinaigre, siki kidogo, na hakuna iliyolala mu beseni hata dakika. Nilikamua mara mbili, ya pili mu serviette. Mbabula niliitoa inje, pa barza. Nilifungua dirisha la huku na mulango wa kule, upepo ukapita mu salon sawa muntu mwenye haraka. Kamba haikutosha kuachanisha nguo, nikafunga zingine mu chumba changu na mu chumba cha Odile. Zilipobaki na ubichi kidogo nilizipiga fer, ile pasi ya makala, na sikuzikunja zingali na moto. Nilizirudisha ku kamba zipoe. Mikono ilifura. Siku ya Mungu batoto baliingia mu kanisa beupe, na hakuna hata muntu mumoja aliyegeuza pua.

Kisha misa mama Astride alinisimamisha mbele ya ba mama: "Mutazame mikono hii!" Balipiga makofi. Nilinyamaza. Yaya, ile kunyamaza inanilemea kupita neno la kwanza. La kwanza nilisema na woga. Hii niliifanya nikiwa najua.

Siku ile ile, ku mulango wa kanisa, mama mumoja wa koro ya kuimba aliniuliza na sauti ya chini, "Na ule binti wako, mimba iko ya miezi ngapi?" Ndipo nilijua neno langu limekwisha kupata miguu. Kama limepanda camion na likakufikia mbele ya barua hii, tafazali, usimukaripie mutoto ku telefone, usimwambie babake. Ni uwongo, na ulitoka mu kinywa changu.

Niliungama. Padiri hakunipatia sala mingi. Aliniambia tu, "Kosa ulifanya mbele ya bantu, mbona unakuja kulitengeneza mu giza?"

Siku ya tatu ya juma hii nilienda Kasapa. Chumba chao ni kidogo, batoto batatu ba kike, na kamba ya nguo inapita juu ya vitanda. Odile alinipatia kiti. Alinipatia maji ya kunywa, na mikono miwili, sawa ulivyomufundisha. Heshima ile ilinichoma kupita matusi.

"Nimekuya kuomba musamaha," nilisema.

"Mama Astride alisikia neno, hakusikia musamaha."

"Nitamwambia."

"Mbele yangu. Na mama?"

"Mama yako nitamwandikia kwamba tuligombana kidogo..."

"Hapana, mama mudogo. Hatukugombana. Andika ile ulisema. Yote. Na ulivyotafuta chini ya matela." Sikumwambia hiyo, Yaya. Alijua tu. Bale rafiki zake balitazama chini.

Jana tulirudia kule na mama Astride. Nilisema yote mbele ya Odile, nimesimama. Mama Astride alilia, akaahidi kwenda ku koro kusahihisha, na ameenda, nimesikia. Odile alimushukuru. Kwangu alisema tu, "Nangojea barua." Barua ya kwanza nilipasua, juu niliandika ile "kidogo". Hii ndiyo ya pili.

Kama utaona ni heri umupeleke akae kwa muntu mwingine, siwezi kukukatalia. Unikemee. Lakini usiniache, tumebaki wawili tu wa tumbo la mama yetu.

Unisalimie shemeki, bwana yako, na nkambo wetu muzee anayekaa na nyinyi, umushike mikono kwa ajili yangu. Unisalimie bwana Filipo, fundi wetu wa mitumbwi, na bibi yake aliyenipikia fufu ya njiani siku niliyoondoka, na katekista wetu muzee. Uwaambie wote baniombee, sababu usiwaeleze.

Mutoto wa camion atakayekuletea barua anaondoka siku ya pili. Mbele yake, leo saa kumi, ninapeleka karatasi hizi Kasapa, mu enveloppe ya wazi. Odile atasoma kwanza. Kama nimepunguza hata neno moja, atairudisha kwangu, nianze tena. Kwa hiyo kama barua imekufikia imefungwa, ujue ni mate ya mutoto wako yaliyoifunga, si yangu.

Mudogo wako,
Veronika