Mayai ya Inspekta

Jumatano, 25 Machi

Amekubali! Mama yake Inspekta amekubali. Jumapili ya Pasaka, saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, hapa kwangu, mimi na binti yangu tu. Mwaka mzima nimekuwa nikimwona sebuleni kwao, mlango wazi, halafu kwaheri. Mambo yakienda sawa, wikendi zetu zinarudi. Yakiharibika — hakusema. Hakuwa na haja ya kusema.

Inspekta ndiye huyo binti, ana miaka tisa na huuliza maswali mpaka mtu mzima asalimu amri. Jina nimempa mimi. Nikamwuliza kwa simu tufanye nini siku hiyo. Tupake mayai rangi, akasema. Rangi ya mayai ndiyo iliyotufikisha hapa.

"Rangi za jikoni, baba. Mwalimu kasema hata maganda ya vitunguu yanatoa rangi. Mimi nataka la bluu."

Nikasema sawa.

Alhamisi, 26 Machi

Niandike mara moja, nisirudie tena. Mwaka jana: pakiti ya rangi ya dukani, maji ya moto, mayai sita. Yalikuwa na nyufa, sikujali. Akala mawili. Midomo ikaanza kuvimba, kope zikafuata. Nikamwambia ajilaze kidogo, itashuka. Nikamwambia asimwambie mama. Nikasubiri masaa matatu mazima ndipo nikampeleka hospitali. Mama yake aliambiwa na daktari, si na mimi.

Alisema rangi angenisamehe, kimya hawezi. Basi.

Ijumaa, 27 Machi

Mama yake kapiga simu. Hakunisalimia sana. "Nitajie kila kitu kitakachogusa mdomo wake." Nikamtajia, yeye anaandika, mimi naandika: mayai, maganda ya vitunguu, manjano, bitiruti, kabichi ya zambarau, siki, chumvi, maji. Vyote ameshavila na havikumdhuru. Nje ya hapo, hata punje, nisimpe.

Orodha nimeibandika kwenye friji. Naisoma kila nikifuata maziwa.

Jumamosi, 28 Machi

Nimemwomba muuza mboga maganda ya vitunguu, yale makavu anayoyafagia. Akauliza ya kazi gani. Nikasema ya kuchemsha. Akaniangalia kwa huruma, akajaza mfuko, akaweka na vitunguu vitatu vizima juu.

"Chukua tu, kaka. Hali ngumu, lakini usifike huko."

Nilijaribu kueleza. Akaniambia nisione aibu. Nimekuja na mfuko wangu nyumbani, fukara kamili.

Jumatatu, 30 Machi

Jaribio la kwanza, baada ya kazi. Maganda yamechemka dakika ishirini, nikachuja, vijiko viwili vya siki, mayai manne meupe ndani. Rangi nzuri, ya kahawia yenye wekundu. Imeshika kila mahali isipokuwa pale nilipoyashika. Dole gumba langu liko juu ya yai, mistari yote, hakuna hata mmoja uliokosekana!

Nimefungua injini za watu miaka kumi na saba. Grisi imeshaingia kwenye ngozi, sabuni huosha ya juu tu. Ningekuwa mwizi wa mayai ningekamatwa kabla ya chai.

Sikati tamaa.

Jumanne, 31 Machi

Gereji. Nimemwonyesha fundi rangi yai moja. Yeye hupuliza rangi magari, na akianza kukucheka hamalizi leo.

"Fundi mzima, unapiga rangi bodi ambayo hujaifuta? Rangi haikai kwenye mafuta. Futa kwanza na thina."

Tukatazamana.

"Aa," akasema. "Kumbe yanaliwa."

"Yanaliwa."

Akarudi kwenye mlango wake wa gari, mabega yanatikisika. Lakini kasema kweli. Tatizo si rangi, ni mkono.

Ijumaa, 3 Aprili

Mapumziko. Mayai kumi na mawili nimechemsha asubuhi, hakuna lililopasuka. Kisha nikayaosha moja moja kwa ile sabuni nzito ya gereji, ya kopo, inayonukia ndimu. Inatoa grisi kweli. Nikayasuuza mara mbili.

Manjano: safi. Bitiruti: waridi iliyopauka, si mbaya. Vitunguu: safi, hakuna alama ya kidole hata moja. Kabichi ndiyo iliyonitesa. Maji yake ya zambarau, si ya bluu, nikafikiri nimechemsha kitu kingine. Nikatia siki, yakageuka kama juisi ya zabibu. Nikayaacha mayai humo masaa matano, sifunui, natembea tembea. Nilipofunua — bluu. Bluu ya ovaroli mpya. Nilicheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimefuata maziwa, nikasoma orodha. Sabuni haimo.

Nikalisoma kopo. Maneno tisa madogo madogo kwa nyuma, hata moja siwezi kulitamka. Na ganda la yai lina vitundu, ndiyo maana rangi wakati mwingine hufika mpaka kwenye ute. Nilisuuza, ndiyo. Labda hakuna kilichoingia. Nani angejua? Kisha nikakumbuka kwamba mwaka jana nilijiuliza hivyohivyo.

Nimeyatupa yote kumi na mawili. Ya bluu niliyatupa mwisho. Iliniuma, sisemi uongo.

Nimerudi sokoni, kabichi ya zambarau ilibaki moja, imechoka kama mimi. Muuza mboga hakuniuliza kitu. Mikono kwa sabuni ya mche, mara tatu. Mayai siyagusi: kijiko kinaingiza, kijiko kinatoa, nayafuta kwa siki na kitambaa kilichochemshwa. Sita nimepaka rangi. Sita nimeacha meupe, atapaka mwenyewe. Ya bluu ni mawili. Yametoka mepesi kuliko ya jana. Yatosha.

Jumapili, 5 Aprili

Saa nne na nusu. Wamekuja. Mama yake aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria zote, akanusa, akasoma orodha kwenye friji akilinganisha na yake. Akaniambia niiweke simu karibu. Nikasema sawa, mama. Inspekta ameshauliza kwa nini kabichi ya zambarau inatoa bluu. Nimesema hata mimi nimeiuliza, haijanijibu.

Saa saba. Amepaka sita. Mikono yake yote bitiruti. Amekula moja la bluu na nusu ya la manjano, nusu akanipa. Anasema akianza kuja tena wikendi, godoro lake liwe upande wa dirisha. Nikasema dirishani kuna baridi. Akasema atavaa soksi. Nimefurahi mpaka naogopa.

Saa nane na dakika kumi. Anajikuna shingo. Vidoa vyekundu vitatu chini ya sikio. Nimefuta kwa maji nikidhani ni bitiruti. Havifutiki. Labda ni joto. Labda mbu. Kila alichokula kiko kwenye orodha, nimehesabu mara mbili.

Nane na kumi na tatu. Nimempigia mama yake. Nimemwambia vyote: amekula nini, saa ngapi, vidoa vingapi. Na sabuni ya juzi nimemwambia, na mayai niliyoyatupa. Akasema anakuja, tusitoke, ila midomo ikivimba au akihema vibaya nisimsubiri, nikimbie hospitali. Nimtazame midomo na kuandika ninachoona, kwa saa, ili daktari akihitaji.

Inspekta amenikasirikia. "Baba, si ungesubiri kwanza? Sasa atanichukua."

"Mwaka jana nilisubiri."

Akafikiri. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu, kidevu juu, nimwone vizuri.

Nane na kumi na saba. Midomo sawa. Kope sawa. Anapumua sawa. Vidoa vitatu.

Nane na ishirini. Midomo sawa. Vidoa vinne, au cha nne nilikuwa sijakiona. Kinawasha kidogo, anasema. Nimemwuliza anaogopa? Anasema hapana, na mimi je? Nimesema ndiyo.

Nane na ishirini na nne. Midomo sawa. Vinne.

Gari la mama yake limesimama nje. Daftari jingine sikuwa nalo karibu, nimeandika humu. Karatasi atakayoitaka ni hii, na nyuma yake kuna sabuni, kuna mwaka jana, kuna kila kitu. Ningeweza kuichana.

Anabisha hodi. Inspekta amenyoosha mkono alipeleke daftari. Nimemwambia nitampa mama mimi mwenyewe, lilivyo.