Mama Mmoja Jirani Yangu

Dar es Salaam,
6 Machi 2022

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa barazani, miguu umeinyoosha, na masikio yako yanakupa nafuu. Mimi ni mzima, ila usingizi wangu siku hizi ni wa kuiba.

Mama, wamekubali! Kuanzia mwezi ujao nitakuwa na kipindi changu mwenyewe kwenye televisheni, kila Jumamosi saa kumi alasiri. Kinaitwa Tua Mzigo. Watu watapiga simu waseme yanayowaelemea rohoni, nami nitawashauri mbele ya nchi nzima. Mkurugenzi anasema katika kituo chao hajawahi mwanamke kukalia kiti kile, na mtaalamu wa saikolojia ndiyo kabisa, hawajawahi kumwita hata awe mgeni. Nilimshukuru kwa heshima zote, kisha nikaenda chooni nikalia.

Wapo wanaosema watu wetu hawawezi kutoa mambo ya ndani hadharani. Nilifanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka mingi, najua watu wanavyotamani kuulizwa tu. Tutaona.

Nimekutumia televisheni na king'amuzi kwa basi la Castory, yule anayetubebea barua. Mwambie yule mpangaji wako mpya akufungie. Simu ya kupangusa uliikataa, na ile ya zamani huisikii, basi hii usiikatae. Hutanisikia vizuri lakini utaniona.

Mwanao,
Najat


Pangani,
11 Aprili 2022

Mwanangu Najat,

Marahaba. Naiitikia kwanza salamu yako ndipo niendelee, ndivyo nilivyo. Siku ukiona barua yangu haina marahaba, ujue nimekukasirikia. Mimi sijambo, alhamdulillahi, na mjomba wako Mselem anakusalimu, ingawa kazi yake ni kula tu na kulalamika.

Televisheni imefika salama. Mselem alipanda darini kufunga dishi, akashuka na suruali imechanika, tukacheka mpaka adhuhuri. Mpangaji wangu anaitwa Loveness. Ni mtoto wa watu waliokuja zamani kwenye mashamba ya mkonge, Mlutheri, anafundisha chekechea, adabu zake tele. Kipindi kikianza anakaa ubavuni kwangu, ananirudishia sikioni kila unachosema. Mara nyingine namwambia nyamaza kwanza mwanangu, niache nimtazame mdomo.

Mwanzo majirani walinisema. Binti yako anawaanika watu, Bi Semeni. Hatukumsomesha hivyo, sijui nini. Wiki ya pili hao hao wamejaa sebuleni kwangu, na mikeka wamekuja nayo.

Kuna kitu nimekiona. Mtu akikueleza shida yake, unainamisha kichwa upande wa kushoto, unatulia tuli, hugusi kitu. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakusemesha wewe uko mbio uani, na hata ukubwani ukija unanisikiliza huku unafunga begi. Sijui umejifunzia wapi kutulia vile. Wallahi nawaonea wivu hao watu wa simu.

Njoo Idi. Nitapika mkate wa kumimina, ule wa kwetu Pemba.

Mama yako


Dar es Salaam,
19 Novemba 2022

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Mimi nipo, mzima wa mwili. Najua Idi ilipita na mkate ukaliwa na Mjomba. Nisamehe, mama. Walinipeleka Nairobi kuzungumza na watangazaji wa huko, na niliporudi nikakuta simu zimejaa.

Kipindi kimekuwa kikubwa kuliko nilivyoota. Juzi sokoni mwanamke aliacha nyanya zake akaja kunishika mkono, akasema mumewe ameanza kuzungumza naye tangu waliponitazama pamoja. Nakumbuka walimu wangu chuoni waliosema fani hii si ya kwetu, natamani wangekuwepo pale.

Nitakuja, usichoke kuningoja. Umeona kichwa changu kinavyoinama! Hakuna mwingine aliyekiona.

Mwanao,
Najat


Pangani,
2 Februari 2023

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua za vuli zilikuwa za mzaha, minazi imezaa vijinazi. Mimi nipo, lakini sitakuficha, tumbo linanisumbua, na nguo zangu zote zimekuwa pana. Loveness alinichukua mpaka Tanga mjini nikapimwa. Majibu bado. Usishtuke, huenda ni uzee tu umenikumbuka.

Nina jambo nataka kukuuliza. Si la kuandika. Nataka ukae mbele yangu unisikilize, lakini unisikilize vile unavyowasikiliza wale, kichwa upande. Utakuja lini?

Mama yako


Dar es Salaam,
28 Mei 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Nina aibu kuona tarehe ya barua yako. Miezi imepita, na mimi nimeishi studio na kwenye ndege. Tumbo linaendeleaje? Majibu yalisemaje? Nimempa Castory dawa za kuongeza damu na maziwa ya kopo, utumie. Na hilo jambo lako niandikie tu, mama, nitalisoma kwa utulivu.

Uliona kipindi cha Jumamosi ya wiki iliyopita? Alipiga simu dada mmoja, alisema yuko Muheza. Akasema, "Nauliza kwa niaba ya mama mmoja jirani yangu." Mama huyo ni mtu mzima, mgonjwa, na madaktari wamemwambia wazi kwamba haponi. Ana binti mmoja tu, yuko mbali, ana kazi kubwa. Anatamani siku yake ikifika binti yake ndiye amwoshe, asioshwe na mikono ya watu baki. Sasa je, amwambie binti kwamba anaumwa, au anyamaze asimvurugie kazi? Alikuwa anaendelea kusema, lakini muda wa matangazo ulifika, ikabidi nijibu haraka.

Nikajibu kwa mambo yangu mwenyewe. Nilisema mimi niliambiwa habari za ugonjwa wa marehemu baba yangu nikiwa katikati ya mitihani ya chuo, nikaacha kila kitu nikaja, na mwaka wangu wote ukaharibika. Nikasema mama asimtwike mtoto mzigo ambao mtoto hawezi kuutua. Amwandikie habari njema, amwache afanye kazi, wakati ukifika ataitwa. Studio nzima walilia, mama! Klipu imezunguka kwenye simu za watu mpaka leo naitumiwa na nisiowajua.

Nilitaka tu ujue kwamba Baba nilimtaja kwa heshima.

Mwanao,
Najat


Pangani,
9 Juni 2023

Mwanangu Najat,

Marahaba, na Mungu akuweke.

Nilikuona. Loveness hakuwa nyumbani siku ile, lakini klipu yako amenionyesha na kunirudishia maneno yote sikioni, mara mbili. Ulimjibu vizuri yule mama. Atalifuata shauri lako, usiwe na wasiwasi. Wazee wetu walitulea hivyo, ukishamwendea mjuzi akakushauri huendi kutafuta mwingine wa kukupa unachopenda.

Hilo la baba yako sikulijua. Mimi ndiye niliyekuandikia uje, na sikuwahi kufikiri nilikuharibia. Nilidhani mtoto anapenda kumwona baba yake. Hukunilaumu hata siku moja, na mimi nikaona nilifanya jambo jema. Nisamehe, mwanangu.

Tumbo limetulia. Walinipa dawa. Dawa zako na maziwa nimepokea, maziwa Mselem ameyafungua kabla yangu. Lile jambo nililotaka kukuuliza limekwisha, nimeshapata jibu, wala usilisumbukie. Watoto wa Loveness wa chekechea walikuja kuniimbia juzi, sikusikia kitu lakini midomo yao ilinifurahisha.

Fanya kazi yako.

Mama yako


Dar es Salaam,
3 Septemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenipa raha, hujui tu. Nilikuwa nimeanza kuogopa, kumbe u mzima na unacheka. Na usiombe msamaha kwa habari ya Baba, yale yalikwisha zamani.

Nimepewa tuzo. Waliniita jukwaani wakasema ni mwanamke wa kwanza kuwafundisha Watanzania kusema yaliyo moyoni. Nilivaa ile kanzu ya zari uliyonishonea. Nilikutafuta kwa macho kwenye viti, kama mjinga, ilhali najua uko Pangani.

Mwandiko wako umelala, mama. Umeniandikia umeegemea nini? Disemba nachukua likizo, mwezi mzima nitakuwa kwako. Nimeshawaambia, na safari hii sirudi nyuma.

Mwanao,
Najat


Pangani,
20 Oktoba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Hongera sana. Hapa mtaani wamepiga vigelegele, nimeambiwa vilisikika mpaka kwenye kivuko.

Mimi mzima. Mkono tu umekuwa mvivu, ndiyo maana naandika machache. Shuka zako nimeshazitoa kabatini zimeanikwa. Disemba si mbali.

Mama yako


Pangani,
14 Novemba 2023

Mama,

Mjomba Mselem alinipigia nikiwa napakwa poda. Nilitoka na poda ile ile usoni, nimevaa nguo za kipindi. Mpaka gari linaingia Pangani, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na vumbi miguuni. Mjomba alisema walinisubiri walivyoweza, lakini jua lilikuwa kali na wewe hukupenda kucheleweshwa.

Aliyenifungulia mlango ni Loveness. Sikuwahi kukutana naye, mama. Akanishika mkono, akasema, "Pole sana, dada." Maneno hayo tu, na sauti yake nikaijua. Dada wa Muheza. Nikamtazama, naye akaona kwamba nimemjua, akaanza kulia kabla yangu.

Nimekaa naye jikoni tangu jana, ameniambia yote. Kwamba majibu ya Tanga yalitoka Machi. Kwamba wewe ndiye uliyesema, "Tumpigie kwenye kipindi chake, siku hiyo atanisikiliza." Kwamba alikwenda Muheza kwa dada yake kupiga, ili usimwone akilia. Alikuambia baadaye mniite, mara nyingi alikuambia, nawe ukamjibu, "Nimwite vipi, na yeye ameshaniambia mwenyewe nisimwite?"

Nikamuuliza alikuwa anataka kusema nini pale nilipomkata. Akasema ulimtuma mambo mawili. La kwanza nililisikia. La pili lilikuwa hili: mwulize, yeye angekuwa ndiye huyo binti, angependa kuambiwa?

Ningependa, Mama. Ningependa kuliko kitu chochote. Yale ya mitihani niliyasema kwa sababu matangazo yalikuwa yanaingia na hadithi ile ilikuwa karibu mdomoni, na kwa sababu nilipokuwa msichana niliwahi kukasirika hivyo, kwa muda mfupi, halafu ikapita. Nilimkuta Baba yu hai. Aliniita jina langu, akaniuliza kama nimekula. Mitihani niliirudia mwaka uliofuata nikafaulu, na sijawahi hata mara moja kujuta kwamba uliniandikia. Hilo sikulisema kwenye televisheni, wala kwako sikulisema.

Na kichwa changu. Uliandika kwamba unawaonea wivu wale ninaowainamishia kichwa. Ndani ya sikio langu la kushoto kuna kidude, mtayarishaji anazungumza humo ananihesabia muda uliobaki. Nilikuwa nainama ili nimsikie yeye.

Loveness amenifungulia sanduku lako. Nimeona beseni jipya, na kata, na sabuni, na karafuu maiti iliyobaki imefungwa kwenye kitambaa, na juu yake ile kanga yako ya kisutu. Nikauliza kanga ni ya nini, maana sanda ilikuwa imeshatumika. Akasema uliiweka tangu ule mwezi wa Machi, ilikuwa ya kunifunga mimi kiunoni nisilowe nikikuosha. Wakati wanawake wa mtaani wanakuosha, mmoja alitaka kujifunga hiyo. Loveness akawaambia ina mwenyewe. Sasa nimejifunga mimi, nimekaa kwenye kitanda chako ninakuandikia, na sina la kufanya nayo.

Ameniambia pia kwamba siku ya mwisho uliomba televisheni iwashwe. Yalikuwa ni marudio tu ya kipindi cha zamani. Yeye akainama akurudishie maneno sikioni kama kawaida, nawe ukamfanyia ishara ya mkono anyamaze. Ukanitazama mpaka kikaisha.

Kituo wanapiga simu wanauliza kama Jumamosi nitakuwepo. Wanasema nchi nzima inataka kunipa pole, na kwamba itakuwa siku kubwa kwa kipindi. Nimezima simu. Sijui kama nitarudi kukaa kwenye kile kiti. Nikirudi, kidude cha sikioni sitakivaa.

Basi la Castory linaondoka asubuhi kwenda Dar. Alipita hapa kuhani, na kwa mazoea akauliza kama kuna barua ya kupeleka. Nikamwambia hapana, safari hii wote tuko huku.

Nimeona sasa kwamba nimeandika barua nzima bila kukusalimu, na wewe hupendi hivyo. Ulisema siku nikikosa marahaba yako nijue umenikasirikia. Usinikasirikie, Mama.

Shikamoo.

Mwanao,
Najat