Chupa ya Mawese Maabara

Dada yangu mpendwa Zawadi,

Shikamoo. Kwa heshima nakuarifu kwamba leo nimemleta binti yako Neema kutoka kambi ya wakimbizi hadi Kigoma mjini, mkojo wake upimwe tujue iwapo ule ugonjwa wa lupus unaendelea kumharibia figo. Kwa kukosa chombo, tuliutia katika chupa ya mawese niliyokwisha kuiosha kwa majivu mara tatu. Mama mpimaji wa maabara aliifungua, akanusa.

“Mzee, umeniletea mkojo au mboga? Mafuta haya yataniharibia kipimo!”

Neema alicheka hata akashika ukuta. Hajacheka hivyo tangu tukimbie vita na kuvuka ziwa. Nami, pamoja na aibu yangu, niliinusa chupa ile, nikaliona jiko la marehemu mama, nawe ukikamua mawese, mikono myekundu hadi viwikoni.

Neema alipewa kikopo safi, akapimwa upya. Protini katika mkojo imepungua sana. Dawa zinazisaidia figo. Mchana amekula samaki mgebuka mzima peke yake, akaniomba na wangu. Nilimpa, dada, nikashinda njaa kwa furaha.

Mola akuhifadhi huko kwetu.

Mdogo wako mtiifu,
Amani