Ng'ombe Waliorudi Kibomet

Ndalu, Alhamisi jioni

Baba,

Redio yako ingali juu ya kabati, na betri bado tunazianika juani zikichoka, kama ulivyotuzoeza. Leo mchana imesema ile setilaiti yako uliyoifuatilia redioni ingali inazunguka huko juu, inafanya kazi. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha nikatafuta kalamu. Usiniulize barua itakufikiaje. Mambo ya juu yalikuwa yako.

Unakumbuka mwaka ule? Kile chombo kilichobeba watu kililipuka angani na yule mwalimu wa kike ndani, nawe ulishinda siku nzima umeinamia redio, kwa kuwa alikuwa mwalimu mwenzako. Setilaiti ilikuwa imeshapangiwa kupanda chombo cha aina hiyo hiyo. Halafu mchana mmoja habari zikasema shirika la anga limebadili nia: itapelekwa na roketi nyingine, ya mtindo wa zamani, isiyo na mtu ndani. Ulipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Hao ndio wanaume! Wametangazia dunia nzima, na bado wamegeuka!" Mama akakuuliza kama hao wanaume wako watakuja kupalilia mahindi.

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, na nje ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wanakula nyasi zetu. Harusi ilishatangazwa kanisani. Yule bwana wa Kibomet, mwenye duka la mbolea, alikuwa ameniambia wiki hiyo kwamba tukioana naacha chuo cha uuguzi, ati mke wa duka hana haja ya sindano. Sikuwa nimemwambia mtu. Kwetu ng'ombe akishafungwa kwa baba wa msichana, maneno yamekwisha. Lakini uliposema vile, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Baba, na mimi nikigeuka?"

Ukazima redio. Wewe, kuzima redio katikati ya habari! Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Safari yako haijafutwa, mama. Tunabadilisha tu cha kukubeba."

Ndugu yako, Baba Mdogo Wafula, alikuja akifoka. Ati umetuaibisha. Ati kama lazima warudishwe, basi warudi usiku watu wasione. Ukamwambia hujaiba. Na mmoja wa wale ng'ombe alikuwa amezalia kwetu, Baba Mdogo akamng'ang'ania ndama: "Huyu ni wetu bana, si ni sisi tumelisha mama yake?" Ukasema anarudi na mama yake. Ukavaa gambuti, ukamweka ndama mabegani maana miguu yake ilikuwa bado laini, tukapita katikati ya soko la Ndalu mchana peupe, wewe ukisalimia kila mtu kama anayekwenda kupokea zawadi. Wauza nyanya wakakutania: "Mwalimu, siku hizi ndama wanabebwa?" Ukajibu, "Huyu ni abiria." Abiria mwenyewe akakukojolea shingoni. Mimi nilikuwa nyuma na fimbo, nimeinamisha kichwa, na kabla hatujafika Kibomet nilikuwa nimekiinua. Aki Baba, sijaona tena mwanamume akitembea vizuri namna ile.

Chuo nilimaliza, hilo uliliona. Ambayo hujaona ni haya. Mama sasa anakalia kiti chako na anabishana na msomaji wa habari. Parachichi lako limezaa. Kwenye vikao vya ukoo Baba Mdogo ndiye anayekaa mbele.

Na Nekesa, kitinda mimba wako. Ng'ombe wa mahari yake walikuja kutoka Kiminini baada ya mvua, tukashangilia. Jumapili iliyopita yule kijana mchumba wake alimpiga kofi mbele ya watu kwa sababu Nekesa alimsalimia mvulana waliyesoma naye. Alikuja kwangu shavu limevimba, nikamkanda kwa maji moto, na alichokuwa anasema ni kimoja tu: "Dada, sitaki kwenda." Nikampeleka kwa Baba Mdogo. Akasema atazoea, wote huzoea, na ng'ombe walishafika. Kisha akaniangalia: "Nani atawarudisha? Mwalimu si ameshaenda."

Hilo neno lilinichoma, Baba. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kufa.

Lakini jana nimezitoa gambuti zako chini ya kitanda. Ni kubwa, nimezijaza magazeti kwenye vidole. Mama alinikuta nikizipima. Alizichukua, akazipangusa matope yako ya mwisho, akanirudishia.

Basi pumzika, Mwalimu wangu. Jumamosi ni siku ya soko. Nitapita katikati na ng'ombe, mchana, na nitasalimia watu, kila mmoja. Nekesa amesema atatembea na mimi. Safari hii hakuna ndama, lakini Nekesa akilemewa na macho ya watu, nitambeba.

Ni mimi, abiria wako.