Droo ya Mengineyo

Iringa, 9 Julai 1975

Dada Subilaga,

Shikamoo dada. Shemeji Isakwisa na watoto hawajambo? Kifua chako kimeachia? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku inatukomesha, na chumbani kwangu hakuna wa kuulizana naye habari za kutwa. Napika ugali wa mtu mmoja, nusu naumwaga. Tangu nirudi kutoka msibani sijasikia mtu akinisalimu kwa lugha yetu.

Umeniuliza mara mbili kwa nini sikuandikii. Leo nakujibu, ingawa hutapenda.

Mwaka jana nilijisifu kwako kwamba ofisi ilipoamriwa kuacha Kiingereza, mimi karani wa masjala ndiye niliyepewa kazi ya kuyapa makabati majina mapya. Zamani droo zilikuwa mbili tu, barua za kuingia na za kutoka. Mimi mjuaji nikafanya sita: Yaliyopokelewa, Yanayosubiri, Ya Kushughulikia, Yanayoshughulikiwa, Yaliyoamuliwa, na Mengineyo. Watu wakapotea. Mkuu wetu, Mzee Marcelino, aliniuliza lipi liende wapi, nikamweleza. Alipouliza mara ya pili nilimwambia, mbele ya wapiga chapa, kwamba majina yako wazi, ni kusoma tu. Wakacheka. Mtu mzima yule hakuuliza tena.

Mwezi wa pili mwaka huu nikaomba uhamisho nije Mbeya kumuuguza mama. Nikasubiri. Kumkumbusha mkubwa niliona ni kukosa adabu. Naye kila tulipokutana aliniuliza hali ya mama tu, nikamwona mnafiki. Ndipo nikawaandikia kwamba amenikatalia. Mama alikwenda kaburini akimlaumu, na wewe uliapa matangani kwamba mtu huyo hatakanyaga kizingiti chako.

Dada, hakunikatalia. Wiki mbili baada ya mazishi nilifungua Mengineyo nikitafuta kalenda ya zamani. Sikuwa nimeigusa kwa miezi, kwa kuwa mimi niliiona ya takataka. Ombi langu lilikuwa humo, limetiwa sahihi siku ya tatu tu tangu niliandike, na pembeni ameandika: “Aondoke upesi, mama ni mmoja.” Hakujua pa kuliweka, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo asiulize. Nilipomwendea nalo, kumbe alidhani nimeghairi mwenyewe. Nimelia sana, dada, na sikuwa na wa kunibembeleza. Nilistahili.

Sasa amestaafu. Anakwenda kwa binti yake Tunduma, akaniomba nimwelekeze nyumbani ashuke Mbalizi awape pole. Sikuwa na uso wa kumkatalia, wala ujasiri wa kumwambia mnavyomsema.

Mzee aliyekukabidhi barua hii ndiye yeye. Kama bado amesimama mlangoni, mpe kiti kwanza, mimi utanilaumu baadaye.

Nisalimie wote wa hapo, na kaburi la mama ulipalilie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Anyitike