Kwani Mimi Sisikii Baridi?

Neema mjukuu wangu,

Hapa mtaani Hallonbergen, huku ughaibuni, hatujambo. Mama yako ni mzima, ila chumba chako hataki kiguswe.

Umeniuliza: huko kaskazini mwa nchi hii, kwenye mafunzo yako ya uuguzi, asubuhi moja unampima mtoto wa wiki sita, kisha mzee wa miaka tisini. Ubadilike vipi?

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye kliniki kule Kakamega, nilimpima mtoto mchanga. Stetoskopu ya kusikilizia moyo niliipasha kwanza kiganjani, asishtuke. Nikaifuta kwa spiriti, ikapoa tena. Aliyefuata alikuwa mama mzee, na foleni ilikuwa ndefu, basi nikamwekea kifuani vivyo hivyo. Akashtuka, kisha akacheka.

"Yule umempashia, binti yangu. Kwani mimi sisikii baridi?"

Niliona haya. Nikaifumbata mpaka ikapata joto, naye akaningoja.

Juzi nilipimwa hapa. Kijana mpole, lakini ana haraka. Chuma kilinigusa kikiwa baridi. Nikafumba macho, nikatamani viganja vyako.

Wapashie hao wazee wa watu, mama. Mimi nitakungoja.

Nyanya yako